Jino lililohamishwa linaponaje? Maswali kuhusu utafiti uliofanywa kwa wanyama

Jino linaweza kung'olewa upande mmoja wa kinywa, likapandwa upande mwingine wa kinywa hicho hicho, likashika na kutafuna kwa miaka mingi. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza: linashikaje? Mbona la fulani limeshika na la mwingine limeanguka? Sehemu ya majibu imetoka kwa wagonjwa. Lakini yale yanayoonekana kwa hadubini tu, ndani ya mfupa na mzizi, yametoka vinywani mwa tumbili, mbwa na panya. Nimeyakusanya hapa kwa lugha ya kawaida kwa sababu yanamgusa kila mzazi ambaye mtoto wake anacheza mpira au anapanda baiskeli.

Kuhamisha jino na kurudisha jino ni kitu kimoja?

Si kimoja, ila ni ndugu wa karibu. Kuhamisha ni kulitoa jino mahali pake kwa makusudi na kulipanda penye pengo. Mfano wa kawaida ni kijana wa miaka 17 ambaye gego lake la kwanza limeoza kiasi cha kutotibika. Daktari analing'oa, kisha anachukua gego la mwisho, lile linaloota ukubwani na ambalo mara nyingi halina kazi kubwa, analiweka kwenye lile tundu. Mfano mwingine ni mtoto aliyepoteza jino la mbele akapandiwa pale gego dogo kutoka nyuma. Njia hiyo ilijengwa vizuri mjini Oslo, Norway, na Slagsvold na Bjercke, waliochapisha kazi yao mwaka 1974.

Kurudisha ni pale jino linapong'oka kwa ajali kisha likarejeshwa kwenye tundu lake lenyewe.

Mtihani wa mwili ni ule ule katika hali zote mbili: jino limekatwa mishipa yake ya damu, limekaa nje, limerudi ndani, na sasa lazima lishikane upya. Ndiyo maana ukurasa huu unatumia utafiti wa aina zote mbili.

Ni nini hasa kinachopona?

Swali hili ndilo mzizi wa mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Jino halijagongomewa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba, takriban robo ya milimita, uliojaa nyuzinyuzi, mishipa midogo ya damu na seli hai. Nyuzi hizo zimeingia upande mmoja kwenye mzizi na upande mwingine kwenye mfupa, zikalining'iniza jino kama kitanda cha kamba. Ukitafuna mfupa wa samaki ukastuka, ni utando huo uliokupa habari.

Jino linapong'olewa, utando unachanika katikati. Nusu inabaki tunduni, nusu inatoka na mzizi. Ile nusu iliyotoka na mzizi ndiyo inayoamua kila kitu. Ikirudi hai, nyuzi zinaungana tena ndani ya wiki chache na jino linakuwa jino. Ikirudi imekufa, mwili hauoni tena jino. Unaona kipande cha kitu kigumu kilichogusana na mfupa, na unakifanyia kile unachoufanyia mfupa siku zote: unakivunja kidogo kidogo na kujenga mfupa mahali pake.

Mwaka 1961 Löe na Waerhaug walionyesha jambo hili kwa mbwa na nyani (kwa neno hili nakusudia jamii nzima ya tumbili na kima). Meno yaliyorudishwa na utando hai yalipata tena utando wa kawaida, na yale ambayo utando wake ulikuwa umekufa au umeondolewa yaligandana na mfupa. Karibu kila jaribio lililofuata, hata la dawa ghali, linazunguka ugunduzi huo.

Nani alikuwa wa kwanza kumtumia mnyama katika jambo hili?

Anayekumbukwa zaidi ni John Hunter, daktari mpasuaji wa London katika karne ya 18. Alichukua jino la binadamu lililong'olewa muda ule ule akalipandikiza kwenye upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani yenye damu nyingi. Baadaye alimchinja jogoo na kuona kwamba mishipa ya damu ilikuwa imefika kwenye jino. Kichwa cha jogoo huyo kimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho linalobeba jina la Hunter mjini London.

Hunter mwenyewe alikiri kwamba alifaulu mara moja tu katika majaribio mengi. Sehemu hiyo ya habari haikusafiri mbali kama ile ya mafanikio. Katika London ya siku hizo matajiri walikuwa wakinunua meno ya maskini: mtoto fukara anang'olewa jino zima akiwa macho, nalo linapandwa papo hapo kwa mwenye fedha. Mchoraji Thomas Rowlandson alilichora tukio la namna hiyo mwaka 1787, na ukiitazama picha ile huwezi kumsahau mtoto aliyeshika shavu akielekea mlangoni. Meno hayo hayakudumu, kwa sababu mwili hulikataa jino la mtu mwingine, na wapo waliopata magonjwa kwa njia hiyo. Leo jino linalohamishwa ni la mgonjwa mwenyewe.

Kwa nini wanyama? Seli zisingetosha maabara?

Kwa baadhi ya maswali zinatosha, na nitakuonyesha moja hapa chini. Lakini kujua kama mzizi umegandana na mfupa, unahitaji kuukata mfupa pamoja na jino, kuuchana vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Huwezi kumfanyia hivyo mgonjwa ambaye jino lake limepona vizuri. Eksirei nayo huchelewa: mzizi unaweza kuanza kuliwa na seli za mwili wiki kadhaa kabla picha haijaonyesha chochote.

Kuna sababu nyingine. Ajali hazifanani. Mtoto mmoja jino lake limekaa dakika kumi mchangani, mwingine dakika arobaini mfukoni. Kwa mnyama mtafiti anaweza kufanya mambo yote yafanane na kubadilisha kitu kimoja tu.

Tumbili wana uhusiano gani na habari hii?

Mkubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Jens Ove Andreasen, daktari wa meno wa Copenhagen, Denmark, aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyeijenga elimu ya majeraha ya meno kama tunavyoijua leo, na mnyama aliyemtumia katika majaribio yake mengi ni wa jamii ya tumbili, ndugu wa hawa wanaotuibia mahindi shambani na ndizi kwenye meza za hoteli za pwani. Nilipolijua hilo sikuweza tena kumtazama tumbili kwa jicho la zamani.

Andreasen alianza na watu. Mwaka 1966, akiwa na Hjørting-Hansen, alichapisha habari za meno 110 yaliyorudishwa baada ya ajali. Katika yale yaliyorudishwa ndani ya nusu saa, asilimia 90 hayakuonyesha dalili ya mzizi kuliwa. Katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili, asilimia 95 yaliliwa. Tofauti ilikuwa kubwa mno, lakini wagonjwa hawakuweza kueleza sababu. Je, ni muda wenyewe, au ni ukavu, au ni uchafu?

Hapo ndipo tumbili walipoingia. Waling'olewa meno ya mbele wakiwa wamelazwa usingizi. Meno mengine yakawekwa makavu, mengine kwenye maji ya chumvi ya hospitali, mengine kwenye mate, mengine kwenye maji ya bomba, kwa muda tofauti, kisha yakarudishwa. Jibu lilikuwa wazi: kinachoua ni ukavu. Jino lililolowa kwenye maji ya chumvi ya kipimo cha mwili lilistahimili muda ambao jino kavu halikuweza. Maji ya bomba hayakuwa rafiki, kwa sababu hayana chumvi ya kutosha. Seli hunyonya maji, huvimba na kupasuka.

Katika jaribio jingine la mwaka 1981, Andreasen na Kristerson waliuharibu utando sehemu ndogo tu ya mzizi, kisha wakalirudisha jino. Kidonda kidogo kilifunikwa na seli hai za jirani hata pale mfupa ulipokuwa umeanza kugusa mzizi. Kidonda kikubwa hakikuwahi kufunikwa. Maana yake ni kwamba seli hai na seli za mfupa zinakimbizana kulifikia pengo, na anayefika kwanza ndiye anayemiliki mahali pale. Daktari anayehamisha jino leo anang'oa polepole, bila kuubana mzizi kwa koleo, kwa sababu ya kazi hiyo.

Ushauri wa kuweka jino kwenye maziwa ulitoka wapi?

Sweden. Lars Blomlöf na wenzake, akiwemo Hammarström na Lindskog, waligundua miaka ya 1980 kwamba maziwa yana kiwango cha chumvi kinachokaribiana na cha mwili, hayana ukali wa asidi, na yana bakteria wachache kuliko mate. Walijaribu kwa nyani: meno yaliyokaa ndani ya maziwa kwa saa kadhaa yalipona vizuri, ilhali yale ya kwenye mate yaliharibika mapema zaidi. Kitu kinachopatikana karibu kila duka la mtaani kikawa dawa ya kwanza ya jino duniani kote. Sijui uvumbuzi mwingine wa meno uliowafikia maskini kwa urahisi namna hiyo.

Maziwa yenyewe yawe ya kawaida na ya baridi. Mtindi au mala haufai, ni mchachu.

Na madafu je?

Hili huulizwa sana pwani, na lina jibu la kweli. Mwaka 2008 Gopikrishna na wenzake nchini India walilinganisha maji ya dafu na maziwa, gundi ya nyuki na maji maalumu ya maabara, wakitumia meno ya watu yaliyokuwa yameng'olewa kwa matibabu. Maji ya dafu yalihifadhi seli nyingi kuliko yote. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipojaribu kwa seli zilizokuzwa maabara waliona kinyume: maziwa yaliyashinda madafu kwa mbali. Maji ya dafu yana uchachu wa asili, na hapo ndipo wasiwasi ulipo.

Kwa hiyo kama uko shambani na kuna dafu tu, litumie, ni bora mara nyingi kuliko kulifunga jino kwenye leso. Kama maziwa yapo, chukua maziwa.

Wanaposema mzizi "umeliwa", umeliwa na nini?

Na seli za mwili wenyewe, zile ambazo kazi yake ni kuvunja mfupa mkuukuu ili mpya ujengwe. Kwenye vipande vya hadubini wataalamu wanatofautisha hali tatu. Ya kwanza ni vishimo vidogo juu ya mzizi vinavyojiziba vyenyewe. Hivyo havina madhara. Ya pili ni kugandana: utando umekufa, mfupa umeushika mzizi moja kwa moja na unaubadilisha kuwa mfupa kidogo kidogo. Jino haliumi na halitikisiki, lakini ukiligonga hulia kama bati. Kwa mtu mzima linaweza kudumu miaka mingi. Kwa mtoto anayekua ni taabu, maana taya linakua na meno ya jirani yanashuka, hilo moja linabaki nyuma kama mti uliozungukwa na udongo.

Ya tatu ndiyo ya haraka na mbaya zaidi. Nyama ya ndani ya jino, kile kiini chenye mshipa wa fahamu, inapokufa na kushikwa na bakteria, sumu hupenya kwenye vitundu vya mzizi na kuufikia utando uliojeruhiwa. Mzizi unaweza kuisha ndani ya miezi. Majaribio ya Andreasen kwa tumbili ndiyo yaliyounganisha mambo haya mawili, na ndiyo sababu jino la mtu mzima lililorudishwa husafishwa mfereji wa mzizi, yaani njia ya ndani kilimokaa kiini, mapema, ndani ya wiki mbili kwa miongozo ya sasa.

Daktari amelifunga jino kwa waya mwembamba kisha akaniambia nisiogope kutafuna. Si litatikisika?

Linatakiwa litikisike kidogo.

Zamani jino lililorudishwa lilifungwa kwa nguvu, kwa wiki nyingi, kama mfupa uliovunjika. Ilionekana ni akili ya kawaida. Andreasen alilijaribu wazo hilo kwa tumbili mwaka 1975 na hakuona faida yake. Mwaka 1982 Nasjleti, Castelli na Caffesse walilinganisha kufunga kwa siku 7 na siku 30, pia kwa nyani, na yale ya siku 30 yaligandana na kuliwa zaidi. Kisha mwaka 1985 Andersson na wenzake huko Sweden wakafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa urahisi wake: nyani wengine walipewa chakula laini, wengine chakula kigumu. Waliotafuna chakula kigumu meno yao yaligandana kwa kiasi kidogo kuliko ya wenzao. Mwendo mdogo wa kutafuna huamsha seli za utando na kuuzuia mfupa usilishike jino.

Ndiyo maana leo unafungwa waya unaopinda, wiki mbili au zaidi kidogo. Kula laini siku za mwanzo, kisha rudi kwenye chakula cha kawaida kadiri daktari atakavyokuelekeza. Muhogo mbichi na miwa subiri.

Je, mshipa wa ndani ya jino unaweza kufufuka?

Kwa jino changa, ndiyo. Skoglund, Tronstad na Wallenius mwaka 1978 waliwajaza mbwa wachanga kimiminika maalumu kwenye mishipa ya damu baada ya kuwarudishia na kuwahamishia meno. Siku ya nne waliona mishipa mipya ikianza kuingia kwenye ncha ya mzizi, na baada ya mwezi mmoja hivi jino zima lilikuwa limejaa damu tena.

Siri iko kwenye mlango. Jino ambalo mzizi wake haujamaliza kukua lina tundu pana chini, na mishipa inapita. Likikomaa tundu linakuwa jembamba kama ncha ya sindano. Tofauti inaonekana kwa wagonjwa wa Andreasen na wenzake, walioripoti mwaka 1990 kuhusu magego madogo 370 yaliyohamishwa: kiini kilipona kwa asilimia 96 ya meno ambayo mzizi haukuwa umekamilika, na asilimia 15 tu ya yaliyokomaa. Meno yenyewe yalidumu karibu yote katika makundi yote mawili, ila yaliyokomaa yalihitaji kusafishwa mfereji.

Laureys na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walijiuliza: kama shida ni mlango, kwa nini tusiupanue? Mwaka 2001 waliripoti majaribio ya mbwa aina ya Beagle ambao meno yao yaliyokomaa yalikatwa ncha ya mzizi kabla ya kupandwa tena, na mishipa ikaingia. Nadhani hili ni moja ya mawazo mazuri kabisa katika fani hii, kwa sababu halihitaji dawa yoyote.

Dawa gani zimejaribiwa kuharakisha kupona?

Nyingi. Nitataja zile zenye hadithi.

Floridi, ile ile ya kwenye dawa ya meno, ilijaribiwa kwa nyani na Shulman na wenzake mwaka 1968. Mzizi uliolowekwa floridi uliliwa polepole. Haifufui utando, ila inaufanya mzizi mgumu kuliwa, na inafaa pale ambapo tayari imejulikana kwamba utando umekufa.

Antibiotiki zilifanyiwa kazi kubwa na Hammarström na wenzake katika miaka ya 1980: nyani waliopewa antibiotiki mapema walipata ule uharibifu wa haraka kwa kiasi kidogo. Cvek na wenzake mwaka 1990 waliloweka meno machanga ya nyani kwenye doksisaiklini kwa dakika chache kabla ya kuyarudisha, na mishipa ya ndani ilirudi mara nyingi zaidi. Ritter na wenzake mwaka 2004 walipata matokeo mazuri kwa mbwa wakitumia minosaiklini, dawa ya ukoo huo huo.

Dawa za kupunguza uvimbe kama deksamethasoni, na alendroneti inayotumiwa kwa wazee wenye mifupa dhaifu, zilijaribiwa kwa mbwa katika kundi la Martin Trope na zikaleta matumaini.

Kisha ikaja jeli ya protini za enameli, lile gamba gumu la nje la jino, iitwayo Emdogain. Hammarström alikuwa ameonyesha kwamba protini zinazotokea wakati jino linajengwa zinaweza kuamsha seli za utando. Mwaka 2001 Iqbal na Bamaas waliipaka kwenye meno ya Beagle kabla ya kuyarudisha, na kupona kukaonekana kumeongezeka. Watu wakafurahi. Mwaka 2003 Araújo na wenzake wakaijaribu, pia kwa mbwa, kwenye mizizi isiyokuwa na utando wake. Mizizi iligandana na kuliwa kama kawaida. Mwaka 2005 Schjøtt na Andreasen wakatoa ripoti ya wagonjwa wenyewe: jeli haikuzuia mzizi kuliwa.

Je, jeli hiyo inatokana na nguruwe?

Ndiyo, hutengenezwa kutoka meno machanga ya nguruwe. Mgonjwa Mwislamu, na yeyote mwenye sababu ya kutotumia, ana haki ya kujua kabla haijapakwa. Muulize daktari wako waziwazi na uwaulize wanazuoni unaowaamini. Daktari asichukulie swali hilo kuwa usumbufu. Kwa ushahidi uliopo, anayeikataa wakati wa kurudishiwa jino hajapoteza kitu kikubwa.

Kwa nini kitu kifanye kazi kwa mbwa kisifanye kazi kwa mtoto?

Mbwa wa maabara ni kijana, mzima, meno yake hayana uchafu. Jino lake limeng'olewa taratibu na mpasuaji. Mtoto amegonga uso kwenye saruji, mfupa umevunjika kidogo, mzizi umesuguliwa na mchanga, na mama amezunguka hospitali mbili kabla ya kumpata daktari wa meno. Pia mnyama hufuatiliwa wiki nane au miezi michache, wakati kwa binadamu tunataka miaka ishirini. Jino linaloonekana zuri kwenye wiki ya nane linaweza kuliwa mwaka wa tatu.

Panya ana shida yake ya ziada. Meno yake ya mbele hukua maisha yote, kwa hiyo kupona kwake hakufanani na kwetu. Watafiti makini hutumia magego yake, lakini hayo ni madogo kama punje ya uwele na ni vigumu kuyang'oa bila kuyavunja. Unapokutana na kichwa cha habari kinachosema "dawa mpya yaponya meno", tafuta kwanza ni mnyama gani, jino gani, na kwa muda gani.

Wanyama hao waliteseka?

Walifanyiwa upasuaji wakiwa usingizini, na katika majaribio mengi waliuawa mwishoni ili taya zao zichunguzwe. Sitaki kulisema hilo kwa mzunguko. Maarifa yaliyookoa jino la mtoto wa jirani yako yana gharama hiyo ndani yake.

Mwaka 1959 Russell na Burch wa Uingereza walipendekeza kanuni tatu ambazo kamati za maadili zinazitumia mpaka leo: badala ya mnyama tumia kitu kingine inapowezekana, tumia wanyama wachache, na punguza maumivu yao. Umoja wa Ulaya uliziingiza kwenye sheria yake ya mwaka 2010, ambayo inabana sana matumizi ya nyani. Majaribio ya tumbili ya Copenhagen yangepata taabu kuidhinishwa leo, na naona ni sawa. Kinachonisumbua zaidi ni utafiti unaorudia jambo lililokwisha kujulikana, au unaotumia wanyama wachache na mpango mbovu kiasi kwamba hauthibitishi lolote. Mnyama huyo amekufa bure.

Je, siku moja tutaotesha meno badala ya kuyahamisha?

Huko Japani wamefika mbali. Mwaka 2009 kundi la Takashi Tsuji lilipanda mbegu ya jino iliyotengenezwa kwa seli kwenye taya la panya, ikaota jino lenye utando na hisia zake. Katsu Takahashi na wenzake wa Kyoto waligundua kwamba kuizuia protini moja iitwayo USAG-1 kunaotesha meno ya ziada kwa panya na fereti, mnyama mdogo anayefanana na kicheche, na mwaka 2024 jaribio la kwanza la dawa hiyo kwa binadamu lilianza Kyoto. Majaribio ya mwanzo ya namna hiyo hupima usalama. Kwa sasa, jino lako mwenyewe ndilo bora.

Mtoto wangu ameng'oka jino sasa hivi. Nifanye nini?

Tulia na ulitafute. Lishike upande wa juu unaoonekana kinywani, usiguse mzizi. Kama ni jino la utoto usilirudishe, unaweza kuliumiza la ukubwani lililo chini yake. Mpeleke tu mtoto akaangaliwe. Kama ni la ukubwani na limechafuka, lisuuze haraka kwa maziwa, maji ya chumvi ya hospitali au mate ya mtoto mwenyewe, bila kulisugua na bila sabuni. Lirudishe tunduni papo hapo, likitazama mbele kama lilivyokuwa, kisha mwambie mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, liweke kwenye kikombe cha maziwa. Kama huna maziwa, mtoto mkubwa anayejielewa alitemee mate ndani ya kikombe na kuliacha humo. Usilikaushe, usilifunge kwenye karatasi.

Halafu nenda kwa daktari wa kinywa na meno, na ukifika mwambie dakika ngapi jino lilikaa kavu. Likifikisha saa moja, seli za utando karibu zote zimekufa, na matibabu yake yatakuwa tofauti. Uliza pia chanjo ya pepopunda ya mtoto kama haijapitwa na wakati.

Na kama ninapangiwa kuhamishwa jino?

Una nafasi ambayo mtoto wa ajali hana: muda. Muulize daktari mzizi wa jino litakalohamishwa umefikia wapi kukua, na kama bado una tundu pana. Uliza kama atapima tundu jipya kwanza kwa mfano wa jino uliochapishwa kutokana na picha, ili jino halisi lisitolewe na kujaribishwa mara tano. Uliza litakaa nje dakika ngapi na ndani ya nini. Uliza waya utakuwa wa aina gani na utatolewa lini, na kama utahitaji kusafishwa mfereji wa mzizi. Halafu omba tarehe za kurudi kupigwa eksirei, na uziandike kwenye simu yako kabla hujatoka mlangoni.